Kariakoo Si Kikosi cha Wapagazi: Uhakiki wa Fasili na Matumizi ya Istilahi ya Kijeshi katika Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki fasili iliyozoeleka ya neno Kariakoo. Kwa mujibu wa fasili hiyo, neno hili ni matamshi yaliyoharibika ya jina la Kiingereza Carrier Corps, na maana yake ni Kikosi cha Wapagazi. Kwa kutumia ushahidi wa kifonolojia, kisemantiki, kisarufi na kihistoria, makala inaonesha kwamba sehemu zote mbili za fasili hiyo zina kasoro. Matamshi hayakuharibika, bali yalifuata kanuni za utohozi. Kwa upande wa maana, neno kikosi na neno mpagazi, kila moja kwa namna yake, hupotosha sura ya jambo lililotajwa. Makala inadai kwamba Kiswahili kilikopa neno hili ilhali kilikuwa na maneno yake ya kazi ya kubeba mizigo, kwa kuwa jambo lililotokea kati ya 1914 na 1918 halikuwa upagazi. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya namna ya kulifasili neno hili katika kamusi na kulitumia katika utafiti.

1.0 Utangulizi

Istilahi za vikundi vya jeshi ziliingia katika Kiswahili kwa njia mbili kuu. Njia ya kwanza ni ya utohozi wa moja kwa moja, ambayo imetupatia seksheni, platuni, kombania, batalioni, brigedi na divisheni. Njia ya pili ni ya kulipa neno lililokuwepo maana ya kijeshi, kama ilivyotokea kwa neno kikosi. Istilahi za njia ya kwanza zimebaki karibu na maana zake za asili: kombania ni sehemu ya batalioni, na platuni ni sehemu ya kombania. Msemaji anayezitumia nje ya jeshi hufanya hivyo kwa kujua kwamba ameazima lugha ya askari.

Neno Kariakoo lilipita njia ya kwanza, lakini halikuishia mahali zilipoishia istilahi wenzake. Lilianza kama jina la idara ya jeshi la Waingereza iliyoundwa mwaka 1914 kwa ajili ya kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Leo linajulikana zaidi kama jina la mtaa na soko la Dar es Salaam, jina la viwanja vya burudani mjini Zanzibar na, kwa umbo la Kariokor, jina la mtaa na soko la Nairobi. Wanaolitaja kila siku ni wengi kuliko wanaotaja istilahi nyingine yoyote ya kijeshi, ilhali wanaokumbuka kwamba ni istilahi ya kijeshi ni wachache.

Maelezo yanayotolewa kuhusu asili yake huwa mafupi na ya namna moja. Husemwa kwamba Waingereza waliweka hapo kambi ya Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi. Wenyeji wakashindwa kulitamka jina hilo, wakasema Kariakoo. Maelezo haya hurudiwa katika vitabu vya waongoza watalii, katika magazeti na hata katika tasnifu. Kwa kuwa kiini chake cha kihistoria ni sahihi, wahakiki wameyaacha yapite. Makala hii inayasimamisha na kuyauliza maswali matatu: Je, wenyeji walishindwa kulitamka? Je, Carrier Corps ilikuwa kikosi? Je, waliokuwamo walikuwa wapagazi?

2.0 Hoja ya Matamshi Yaliyoharibika

Dai la kwamba neno liliharibiwa linatokana na kulilinganisha umbo la Kiswahili na maandishi ya Kiingereza badala ya kulilinganisha na matamshi ya Kiingereza. Neno corps lina asili ya Kifaransa, na herufi zake mbili za mwisho hazitamkwi. Katika Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ambacho ndicho kilichotumiwa na maofisa wengi wa wakati huo, hata herufi r haitamkwi katika nafasi hiyo. Kinachosikika ni konsonanti k ikifuatwa na irabu ndefu. Sikio la Mswahili lilipokea sauti hiyo na kuiandika kwa irabu mbili: koo. Utaratibu huohuo ndio uliotupatia baa kwa mahali panapouzwa vinywaji, ambapo r ya maandishi ya Kiingereza imetoweka na urefu wa irabu umehifadhiwa.

Sehemu ya kwanza ya jina nayo haina kioja. Mwisho wa neno carrier katika matamshi hayo ni irabu hafifu inayotanguliwa na i, na Kiswahili huipokea kwa -ia, kama katika bia na injinia. Hivyo karia ni umbo linalotarajiwa. Maneno mawili yalipounganishwa, mkazo ulihamia katika silabi ya pili kutoka mwisho kama kanuni ya Kiswahili inavyotaka, na neno likawa na silabi tano zilizo wazi. Mwanafunzi wa fonolojia aliyepewa matamshi ya Kiingereza na kanuni za utohozi angeweza kulibashiri umbo hili kabla ya kulisikia.

Ulinganisho na umbo la Nairobi unaimarisha hoja hii. Kariokor imehifadhi r ya mwisho, ambayo haimo katika matamshi yaliyoelezwa hapo juu bali imo katika maandishi. Umbo hilo basi limepita mikononi mwa waandishi: makarani, wachora ramani na wapaka vibao vya barabara. Irabu yake ya silabi ya tatu nayo imefuata irabu ya silabi inayokuja baada yake. Kama ni lazima kupima uaminifu kwa chanzo, umbo la Dar es Salaam lililosikika masikioni ni aminifu zaidi kuliko lile lililosahihishwa kwa kalamu. Geoffrey Hodges alipochapisha utafiti wake mwaka 1986, aliuita kwa jina la Kiingereza, The Carrier Corps. Toleo la Nairobi la 1999 lilipewa jina la Kariakor, umbo la tatu linalochanganya karia ya usemi na r ya maandishi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwandishi wa Kiingereza naye alihitaji neno la Afrika ya Mashariki ili kukitaja alichokichunguza.

Linganisho jingine ni neno Keya, lililotokana na herufi tatu za King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Askari wa Keya alikuwa na jina lililotokana na herufi za jeshi lake zilizosomwa moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema kwamba Keya ni kushindwa kutamka. Hueleweka kuwa ni ufupisho uliotoholewa. Tofauti ya hukumu kati ya Keya na Kariakoo haitokani na isimu. Inatokana na picha ya mtu anayedhaniwa kulitamka: askari mwenye sare kwa upande mmoja, na mbeba mzigo asiyejua kusoma kwa upande wa pili. Fasili ya kuharibika basi si maelezo ya lugha. Ni hukumu juu ya watu iliyovaa nguo za etimolojia.

3.0 Hoja ya Kikosi

Neno corps lina maana mbili katika lugha ya kijeshi ya Kiingereza. Kwa maana ya kwanza ni muundo mkubwa wa kivita unaokusanya divisheni mbili au zaidi. Kwa maana ya pili ni tawi la huduma, kama vile tawi la tiba au la uhandisi, ambalo watu wake hutawanywa katika jeshi zima. Carrier Corps ilikuwa ya maana ya pili. Haikuwa kundi lililosimama mahali pamoja chini ya bendera moja. Ilikuwa mfumo wa kukusanya watu, kuwahesabu, kuwalisha na kuwagawa kwa wale waliowahitaji.

Katika Kiswahili cha leo, neno kikosi lina wigo mpana, lakini wigo huo una mipaka. Kikosi cha Jeshi, kinachofupishwa KJ, ni kituo chenye namba, kamanda na kambi yake, kama 832 KJ Ruvu ya Jeshi la Kujenga Taifa. Zanzibar kuna Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kikosi cha zimamoto kina kazi moja inayojulikana. Kikosi cha timu ya mpira ni wale waliochaguliwa na kocha. Kikosi kazi ni watu walioteuliwa kwa jukumu na muda maalumu. Katika matumizi yote haya kuna sifa tatu zinazojirudia: idadi inayojulikana, uteuzi, na utambulisho wa pamoja ambao mwanakikosi huweza kuudai kuwa ni wake.

Carrier Corps haikuwa na hata moja ya sifa hizi kwa ukamilifu. Kuhusu idadi, kikosi huwa na ikama, yaani hesabu ya watu iliyopangwa kabla ya kazi. Idadi ya wachukuzi wa vita haikupangwa kwa ikama bali kwa umbali. Mbung'o waliwaua ng'ombe, farasi na punda. Reli zilikuwa chache na hazikufika ziliko kambi za mbele. Chakula, risasi na dawa vilisafiri juu ya vichwa vya watu, na watu hao walikula njiani. Hesabu ya mfano inatosha kuonesha tatizo. Mtu aliyebeba kilo 25 za unga na kula kilo 1 kwa siku, akienda siku 10 na kurudi siku 10 bila kupata chakula kingine, atafikisha kilo 5 tu. Ili askari 1,000 wapate kilo 1,000 kwa siku, wachukuzi 200 lazima waondoke kila siku, na wakati wowote ule watu 4,000 watakuwa njiani. Kambi ikisogea mbele kwa siku mbili tu, kila mchukuzi atafikisha kilo 1, na wachukuzi wanaohitajika kuondoka kwa siku wanakuwa 1,000. Kundi ambalo ukubwa wake hupanda kwa namna hii haliwezi kuelezwa kwa neno linalomfanya msomaji awazie mamia kadhaa ya watu wanaokaguliwa uwanjani.

Makadirio yanayotajwa na wanahistoria ni kwamba takriban watu milioni moja walitumika kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita hivyo, wakitoka katika maeneo mbalimbali ya Afrika ya Mashariki na Kati na kwingineko, na kwamba zaidi ya 95,000 kati yao walikufa. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Msomaji anapoelezwa kwamba Kikosi cha Wapagazi kilipoteza watu, neno kikosi humzuia kuona kwamba waliopotea walikuwa wengi kiasi cha kujaza miji.

Kuhusu uteuzi, sheria iliyopitishwa mwaka 1915 katika Afrika ya Mashariki ya Kiingereza iliruhusu watu kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 ulifanyika ukusanyaji mkubwa uliosimamiwa na ofisa wa utawala John Ainsworth. Machifu na wazee wa vijiji walidaiwa idadi ya watu. Aliyepatikana ndiye aliyekwenda. Kuhusu utambulisho wa pamoja, jina lenyewe halikudumu hata katika ofisi iliyolitunga. Idara iliyoanzishwa chini ya Oscar Ferris Watkins kwa jina la Carrier Corps iligeuzwa kuwa Military Labour Bureau mwaka 1916, na mwaka 1918 ikawa Military Labour Corps. Mkuu alibaki yuleyule na kazi ilibaki ileile. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Mabadiliko haya yana uzito katika historia ya neno. Waingereza waliitwaa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, na kambi ya wachukuzi ikawekwa katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa makazi ya Waafrika na kuanza kulijengea soko. Kwa sehemu kubwa ya uhai wa kambi ile, jina rasmi la idara halikuwa tena Carrier Corps. Hata hivyo, mtaa haukuitwa kwa jina la Bureau wala la Labour. Uliitwa kwa jina la kwanza, ambalo lilikuwa limekwisha kuenea katika vinywa vya watu. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba Waingereza waliupa mtaa jina. Waingereza walileta jina, wakaliacha. Waliolihifadhi ni wengine.

4.0 Hoja ya Wapagazi

Nusu ya pili ya fasili, yaani wapagazi, haijatiliwa shaka mara nyingi, kwa sababu tafsiri ya carrier kwa mpagazi inaonekana kuwa nyoofu. Kasoro yake huonekana pale neno hili linaporudishwa katika uwanja wake wa maana.

Kabla ya 1914 Kiswahili kilikuwa na maneno kadhaa ya mtu anayebeba mizigo. Hamali, lenye asili ya Kiarabu, alikuwa mbebaji wa mjini na bandarini. Kuli alihusishwa na upakuaji wa meli. Mchukuzi lilikuwa neno la jumla kwa yeyote achukuaye kitu. Mpagazi alikuwa mtu wa misafara ya bara: aliyetoka Unyamwezi kwenda pwani na kurudi, aliyekubaliana ujira na posho, aliyekuwa na mnyapara wake na kirangozi aliyetangulia msafara. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu kazi ya misafara katika karne ya 19, ameonesha kwamba upagazi ulikuwa kazi ya ujira yenye desturi, ujuzi na heshima zake. Mpagazi alijua thamani ya mzigo wake. Alipoona posho imepungua aliweza kugoma au kuutua mzigo na kuondoka, na kiongozi wa msafara alilazimika kuzungumza naye. Kwa vijana wa jamii nyingi za bara, safari ya pwani ilikuwa njia ya kujijengea jina.

Mtu aliyechukuliwa mwaka 1917 hakuwa katika hali hiyo. Hakukubaliana ujira, hakuchagua njia, hakuwa na hakika ya kurudi, na kuondoka kwake kuliitwa utoro na kuadhibiwa. Wengi hawakuwa watu wa kazi hiyo kabisa. Walikuwa wakulima na wafugaji waliohamishwa kutoka katika hali ya hewa na vyakula walivyovizoea. Kumwita mtu huyo mpagazi ni kumpa, baada ya kufa kwake, mkataba ambao hakuwahi kuwa nao.

Hapa ndipo swali la ukopaji linapopata jibu. Nadharia ya kawaida husema kwamba lugha hukopa pale inapopungukiwa. Kiswahili hakikupungukiwa neno la mbeba mizigo; kilikuwa nayo manne. Kilichokosekana ni neno la utumishi wa lazima wa halaiki chini ya jeshi la kigeni, utumishi uliofika kijijini, ukachukua vijana, na haukurudisha wengi. Kariakoo lilijaza pengo hilo. Kwa mtazamo huu, kulitafsiri kwa Kikosi cha Wapagazi ni kulirudisha neno katika msamiati ambao wasemaji wenyewe waliuona haufai.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kudaiwa kwamba majina ya mahali hudumu kwa mazoea tu, na kwamba si haki kuona maamuzi ya watu ndani ya jina lililobaki kwa bahati. Pingamizi hili lina nguvu kwa upande wa mtaa wa Dar es Salaam peke yake, ambako kambi ilikuwepo na jina lingeweza kuganda. Lakini haliondoi ukweli kwamba jina lilikopwa ilhali maneno mengine yalikuwepo, wala kwamba lilisalia ilhali idara ilibadilishwa jina mara mbili. Makala hii haidai kwamba watu walilichagua neno kwa makusudi ya upinzani. Inadai jambo dogo zaidi: kwamba matumizi yalitofautisha mambo mawili, na fasili inayofuata imeyachanganya.

5.0 Ushahidi wa Upatanisho wa Kisarufi

Mabadiliko ya maana ya neno yanaweza kufuatiliwa katika sarufi. Jina la kundi la kijeshi katika Kiswahili hufuata upatanisho wa ngeli yake: batalioni ilihamishwa, kombania zilipangwa, kikosi kilirudi. Jina la mahali huweza kuchukua upatanisho wa mahali: Kariakoo kumejaa watu, Kariakoo kuna joto. Msemaji wa leo husema pia Kariakoo imejaa, akikusudia mtaa au soko, lakini hasemi Kariakoo ilipelekwa Morogoro kwa maana ya kundi la watu. Maana ya kundi imeondoka katika upatanisho wa kila siku.

Kiambishi -ni cha mahali kinathibitisha jambo hilo. Jeshi hutoa jeshini, kambi hutoa kambini, soko hutoa sokoni. Kariakoo halipokei -ni, kwa kuwa limekwisha kuwa jina la pekee la mahali. Kinachobaki na utata ni muundo wa umilikishi. Askari wa Keya ni mtu aliye ndani ya jeshi hilo. Mtu wa Kariakoo kwa sarufi anaweza kuwa mtu aliye ndani ya Carrier Corps au mkazi wa mtaa, na leo ni maana ya pili tu inayoeleweka. Neno limehama kutoka kwa watu kwenda kwa mahali walipolala, kisha kutoka mahali hapo kwenda kwa soko lililojengwa hapo. Jengo kubwa la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 limekamilisha uhamisho huo: kwa vizazi viwili vilivyofuata, Kariakoo ni biashara.

Mafanikio ya neno ndiyo yaliyoficha maana yake. Keya lilitoweka katika usemi wa kawaida baada ya jeshi lenyewe kutoweka. Batalioni yake ya sita ilikuwa Tanganyika Rifles mwaka 1961, na maasi ya Januari 1964 yakafuatwa na kuundwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa kuwa Keya halikupata kazi nyingine, anayelisoma leo hulazimika kuuliza maana yake. Anayesikia Kariakoo haulizi, kwa sababu anadhani anajua.

6.0 Athari za Fasili katika Utafiti na Ukumbusho

Uhakiki huu usingekuwa na uzito kama fasili ingekuwa suala la kamusi peke yake. Mwezi Aprili 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba angalau watu 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika utumishi wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba wengi wao walitoka Afrika ya Mashariki na Misri. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni. Sanamu ya askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maandishi yanayowataja wabeba mizigo kuwa mikono na miguu ya jeshi, lakini mwili uliosimama juu ya nguzo ni wa askari mwenye bunduki, na hakuna jina hata moja la mchukuzi. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao, na hoja ya kwamba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika ilikataliwa.

Kutokujulikana huku kulianza katika uandikishaji. Askari aliandikwa kwa namba na jina. Mchukuzi mara nyingi aliandikwa vibaya au kwa jina lisilotambulika kwao. Kwa hiyo kumbukumbu za familia zina thamani ya pekee, na mtafiti anayeziendea hubeba maneno yake. Akiuliza kama babu wa mzungumzaji alikuwa mpagazi, anauliza kuhusu kazi, na jibu la haki linaweza kuwa hapana: alikuwa mkulima. Akiuliza alikuwa katika kikosi gani, anauliza kuhusu jeshi, na jibu linaweza kuwa hapana tena: hakuwa askari. Mtu huyohuyo aliyechukuliwa kijijini na kufa njiani hutoweka kati ya maswali mawili yaliyoulizwa kwa nia njema. Dodoso lililotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa kutumia fasili iliyozoeleka linaweza kurudisha ukimya ambao utafiti ulikusudia kuuvunja.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, kamusi za lugha moja, ambazo kwa desturi huyaacha nje majina ya mahali, zinapaswa kuliingiza kariakoo kama nomino ya kawaida ya kihistoria. Kidahizo kinachopendekezwa ni hiki: kariakoo, nomino ya kihistoria, 1. utumishi wa lazima wa kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza katika Afrika ya Mashariki, 1914 hadi 1918, 2. watu walioingizwa katika utumishi huo; 3. kambi ya watu hao, na kutokana nayo majina ya mahali kama Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Maelezo ya asili yataje kwamba ni utohozi wa Carrier Corps, bila kutumia lugha ya kuharibika wala kushindwa.

Pili, wanaoandika historia kwa Kiswahili watofautishe upagazi wa misafara na uchukuzi wa vita. Pale panapohitajika neno la jumla, mchukuzi linafaa zaidi kwa kuwa halidai mkataba wala ufundi. Pale panapotajwa idara yenyewe, neno idara au utumishi linafaa zaidi kuliko kikosi.

Tatu, madodoso ya historia simulizi yaulize juu ya kuchukuliwa: nani alichukuliwa wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani, alichukuliwa na nani, alirudi au hakurudi. Neno Kariakoo litajwe kwa maelezo, kwa kuwa msikilizaji wa leo akilisikia peke yake atawaza soko.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Kariakoo ni utohozi wa kawaida, kwamba kilichoitwa kwa jina hilo hakikuwa na sifa za kikosi, na kwamba waliokuwamo hawakuwa wapagazi kwa maana ambayo Kiswahili kilikuwa kimelipa neno hilo. Fasili iliyozoeleka huwadharau wasemaji kwa upande wa sauti, na kwa upande wa maana huwapa waliokufa cheo cha kijeshi ambacho hawakuwa nacho na hiari ambayo hawakupewa. Kwa kuwa majina ya wengi wao hayakuandikwa, neno hili ni miongoni mwa kumbukumbu chache walizoachiwa na lugha. Kulifasili kwa usahihi hakutarudisha majina hayo, lakini kutamwezesha mtafiti ajaye kuuliza swali linaloweza kujibiwa.